Kura za ughaibuni na mpaka wa Mto Prut

Oktoba 2024 Moldova iliwauliza wananchi wake kama lengo la kujiunga na Umoja wa Ulaya liandikwe kwenye katiba. Kura zilianza kuhesabiwa Jumapili jioni, tarehe 20, na sisi wa zamu ya usiku tulifuatilia kwenye simu huku tukipanga vifurushi. Hapana ilitangulia. Saa tano ilikuwa mbele, saa nane usiku bado ilikuwa mbele. Halafu zikaanza kuingia kura za Wamoldova walioko Italia, Ujerumani, Ufaransa na hapa Romania, na mwishowe ndiyo ikapita kwa asilimia 50.35. Tofauti ilikuwa kura elfu kumi na kidogo tu, katika kura karibu milioni moja na nusu.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Tanga, na sisi tulio nje hatupigi kura ya nyumbani. Kuona watu wa ughaibuni wakiamua mwelekeo wa nchi yao kulinigusa sana, na tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza: wanachokitaka hawa ni kitu gani hasa?

Naishi Iași, kaskazini-mashariki mwa Romania. Mto Prut, ambao ndio mpaka na Moldova, hauko mbali na hapa. Ghala letu hupokea vifurushi vinavyoletwa na mabasi madogo kutoka Italia kabla havijavushwa: nguo za watoto, sabuni, kahawa, matairi yaliyotumika. Vinavyorudi upande wa magharibi ni chupa za plastiki zilizojaa divai ya nyumbani, jibini ya kondoo iliyofungwa kwa kitambaa, na mitungi ya nyanya na matango ya siki iliyoviringishwa ndani ya magazeti. Nusu ya uchumi wa kijiji unaweza kuiona juu ya meza ya kupangia vifurushi.

Ninayefanya naye zamu ni mama wa Kimoldova, miaka sitini na kitu. Vijana wote ghalani tunamwita tanti, kama wanavyoitwa kina mama wa rika lake huku, naye ananiita mwanangu. Mama yake mzazi alizaliwa chini ya Ufalme wa Romania. Yeye alizaliwa Umoja wa Kisovieti, kwa kuwa mwaka 1940 Stalin aliitwaa Bessarabia, yaani sehemu kubwa ya Moldova ya leo, na Prut ikawa mpaka. Wanawe walizaliwa Moldova huru, baada ya Agosti 1991. Vizazi vyote hivyo vitatu vimezaliwa kijiji kimoja. Wajukuu wamezaliwa Italia na wana pasi za Romania, maana sheria ya Romania inawarudishia uraia wale ambao wazee wao walikuwa raia wake. Hivyo tayari kuna Wamoldova wengi mno walio raia wa Umoja wa Ulaya, wakati nchi yao iko nje.

Ndugu zangu wa nyumbani hudhani Ulaya hii ni nchi moja yenye mji mkuu Brussels. Wengine wanaiona kama Umoja wa Afrika, ila wenye pesa. Inafaa turudi mwanzo. Tarehe 9 Mei 1950, miaka mitano tu baada ya vita, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa Robert Schuman alipendekeza makaa ya mawe na chuma vya Ufaransa na vya Ujerumani viwekwe chini ya Mamlaka Kuu moja. Mizinga ilitengenezwa kwa chuma, na chuma kiliyeyushwa kwa makaa. Serikali isiyovimiliki peke yake haiwezi kujiandaa kwa vita kimyakimya. Aprili 1951 nchi sita zilitia saini mkataba huko Paris: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Jean Monnet akawa rais wa kwanza wa Mamlaka Kuu, na wajumbe wake walikatazwa kupokea maagizo kutoka serikali zilizowateua. Hapo ndipo penye uzito wote. Mikutano ya marais ilikuwapo tangu zamani. Kipya kilikuwa chombo kilicho juu ya serikali, chenye uwezo wa kuzikatalia.

Uwezo huo ulipimwa kwa bili ya umeme. Italia ilitaifisha umeme mwaka 1962, na wakili mmoja wa Milan, Flaminio Costa, akakataa kulipa bili ya lira 1,925 akisema utaifishaji ule unavunja mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, mtangulizi wa Umoja wa leo. Mahakama ya Katiba ya Italia ikasema kwamba sheria yao ni mpya kuliko mkataba, basi ndiyo inayotawala. Julai 1964 mahakama ya Jumuiya hiyo, iliyoko Luxembourg, ikasema hapana: sheria ya Jumuiya haiwezi kupinduliwa na sheria ya nchi moja iliyotungwa baadaye, kwani ikiruhusiwa hivyo Jumuiya yenyewe haina msingi. Tangu hapo hakimu wa kawaida, wa mji kama huu wetu, anatakiwa kuiweka kando sheria ya bunge lake inapogongana na sheria ya Ulaya. Hata wenyewe hawajaizoea. Juni 2021 Mahakama ya Katiba ya Romania iliwaambia majaji wa nchi hii wasifanye hivyo katika masuala ya uhuru wa mahakama, na Desemba mwaka huohuo Luxembourg ikajibu kwamba jaji hawezi kuadhibiwa kwa kufuata sheria ya Ulaya. Mvutano huo ni wa kweli, na sidhani utakwisha.

Mtu wa Afrika Mashariki akisoma habari hizi hawezi kuacha kuwaza Arusha. Nasi tuna mahakama. Novemba 2006 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisimamisha kuapishwa kwa wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki, kwa sababu namna walivyopatikana ilipingwa katika kesi ya Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake. Ndani ya wiki chache wakuu wa nchi wakaubadilisha mkataba: wakaigawa mahakama ngazi mbili na kuongeza sababu za kumwondoa jaji. Jambo hili linaniuma kila nikilikumbuka, kwa kuwa majaji wale walifanya kazi ileile iliyofanywa Luxembourg mwaka 1964, na jibu walilopewa ni mkataba kuandikwa upya. Maamuzi makubwa ya Jumuiya yetu bado yanahitaji kila rais akubali, na yakivunjwa hakuna chombo kinachoweza kuitoza nchi faini. Huku Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, inaishtaki nchi mwanachama, na mahakama inaweza kuipiga faini ya kila siku mpaka itii. Sisi tumeipokea Sudan Kusini mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, na nimefurahi kwa kila mmoja wao. Ila tumepanua nyumba kabla hatujakubaliana ni nani mwenye ufunguo.

Ulaya nayo ilipoanza kuangalia mashariki baada ya ukomunisti kuanguka, iliweka masharti kwanza. Yalitangazwa Copenhagen mwaka 1993: demokrasia na utawala wa sheria, uchumi wa soko unaohimili ushindani, na uwezo wa kuzitekeleza sheria zote za Umoja. Sheria hizo leo zimegawanywa sura 35, kuanzia viwango vya maziwa hadi uhuru wa majaji, na kila sura hufunguliwa na kufungwa kwa kura ya nchi wanachama wote, bila hata mmoja kukataa. Nchi kumi ziliingia tarehe 1 Mei 2004. Romania na Bulgaria zilifuata Januari 2007, zikiwa bado hazijamaliza kazi ya kurekebisha mahakama na kupambana na rushwa, kwa hiyo zikawekewa usimamizi maalumu. Kwa Romania usimamizi huo ulifungwa mwaka 2023. Miaka kumi na sita! Jirani zangu wa hapa wanaizungumzia miaka hiyo kwa uchungu, lakini nao wanakiri kwamba waliona mawaziri wakifungwa jela, jambo ambalo hawakulitegemea maishani mwao.

Kura ya mmoja kuzuia wote tuliionja hata sisi wa ghalani. Desemba 2022 Austria iliikatalia Romania kuingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, ingawa Kamisheni ilikuwa imesema iko tayari. Madereva wetu wakaendelea kukaa foleni mpaka wa Hungary, usiku wa baridi kali, injini zikiwaka. Ukaguzi wa mpaka wa nchi kavu uliondolewa tarehe 1 Januari 2025. Basi dogo likitoka Italia sasa linavuka Hungary bila kusimama, na likirudi huko jibini linafika likiwa na harufu linayotakiwa kuwa nayo.

Mto Prut ndio ukuta uliobaki. Ukipanda treni kwenda Chișinău, mji mkuu wa Moldova, unavuka daraja la chuma la Ungheni lililobuniwa na Gustave Eiffel mwaka 1877, kisha unasimama muda mrefu wakati mabehewa yananyanyuliwa na magurudumu yanabadilishwa, maana reli ya upande huu ina upana wa milimita 1,435 na ya Kisovieti 1,520. Waliowahi kuona mizigo ikihamishwa Kidatu, kati ya reli ya TAZARA na Reli ya Kati, watanielewa haraka.

Moldova iliomba uanachama tarehe 3 Machi 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ikapewa hadhi ya mgombea Juni mwaka huohuo pamoja na Ukraine, na mazungumzo yakazinduliwa rasmi Juni 2024. Kufungwa kamba moja na Ukraine kumeisaidia na kumeichelewesha. Hungary ilizuia kwa muda mrefu sura za Ukraine zisifunguliwe, na Moldova, ambayo haikugombana na mtu, ikabaki mlangoni ikisubiri. Hata hivyo mambo mengi yameingia kabla ya uanachama. Tangu 2014 Wamoldova wanatembea Schengen bila viza. Urusi ilipopiga marufuku divai yao mwaka 2006 na tena 2013, Ulaya ilifungua soko, na leo zaidi ya nusu ya mauzo yao ya nje yanakwenda huko. Bomba la gesi kutoka Iași hadi Ungheni lilizinduliwa Agosti 2014. Machi 2022 gridi ya umeme ya Moldova na ya Ukraine ziliunganishwa na ya Ulaya. Na tangu Oktoba 2025 benki za Moldova zimo katika mfumo wa malipo ya euro, kiasi kwamba mtoto wa tanti akituma pesa kutoka Italia makato ni madogo sana. Hili la mwisho tanti analisifia kuliko mengine yote.

Lakini karibu nusu ya wapiga kura walisema hapana, na si haki kuwaona wote kuwa walinunuliwa. Ni kweli mamlaka za Moldova zilieleza kwamba fedha nyingi kutoka Urusi zilitumika kununua kura, na mimi nawaamini. Ila kuna wazee wanaoona vijiji vimebaki na vikongwe na mbwa, wakijiuliza kama mpaka ukifunguka kabisa nani atabaki kuvuna zabibu. Nchi ina watu takriban milioni 2.4 tu, na Romania iliwapoteza vijana wengi kwa njia hiihii. Kuna Wagagauzi wa kusini, wanaozungumza lugha ya jamii ya Kituruki na kutazama habari za Kirusi, ambao karibu asilimia 95 walikataa. Kuwaambia tu kwamba wamepotoshwa hakutawabadilisha. Wanahitaji kuona barabara na ajira katika wilaya zao kabla ya hotuba nyingine.

Kaka yake tanti anaishi Bender, mji ulio mikononi mwa wale wanaojiita serikali ya Transnistria. Kipande hicho cha mashariki mwa Moldova kilijitenga, vita vikapiganwa mwaka 1992, na wanajeshi wa Urusi wapo mpaka leo. Kwa miaka mingi watu wa huko walipata gesi ya Urusi karibu bure. Tarehe 1 Januari 2025 gesi hiyo ilikatika katikati ya baridi, na kaka mtu akawa analala na koti huku jiko la umeme likizimika kila mara. Tanti alimtumia blanketi mbili kupitia basi letu. Bado kaka mtu hataki kusikia habari za Brussels, japokuwa bidhaa nyingi za viwanda vya huko zinauzwa Umoja wa Ulaya.

Wapo wanaosema Moldova isipokewe mpaka suala hilo liishe. Mimi nasema tayari kuna mfano. Kupro iliingia Mei 2004 ikiwa imegawanyika, jeshi la Uturuki likiwa kaskazini tangu 1974, na sheria za Umoja zikasimamishwa kwa upande ule mpaka kisiwa kitakapoungana. Mfano huo una kasoro zake, kwani Kupro haijaungana mpaka leo na ndani ya Umoja imepata kura ya kuzuia. Lakini kungoja Transnistria iamuliwe ni kuiachia Moscow iamue Moldova itaingia lini, na wanajeshi wachache waliobaki pale watakuwa na nguvu kuliko kura zote zilizopigwa Oktoba ile. Sehemu iliyo chini ya serikali ya Chișinău iingie masharti yakitimia. Kaka wa tanti aachiwe mlango wazi na pasi yake ya Moldova, ambayo tayari anayo.