Usukani wa ndani kwenye boti ya matanga

Aliyezoea bahari ya kwetu Pwani hatanielewa, lakini huku magharibi mwa Scotland hata Julai mvua inakuja ubavuni mpaka vidole vinakataa kushika kamba. Kwa hiyo mwenye boti aliponikabidhi usukani wa kibandani kwenye Nauticat 33 yake (hizi za Finland zenye milingoti miwili na usukani mara mbili, mmoja nje, mmoja ndani), nilikaa na chai yangu nikajiona mfalme.

Mkienda kwa injini sina lawama kabisa. Uko mkavu, chati hailowi, na zamu ya usiku haikumalizi.

Kasheshe ni matanga yakishapandishwa. Upepo huusikii shavuni, na tanga kuu hulioni kwa sababu paa limekufunika. Linaanza kupigapiga, wewe bado umekodolea macho kipimo. Usukani wenyewe ni wa haidroli (unasukumwa kwa mafuta yaliyo ndani ya mabomba), basi mikono haipati habari yoyote kutoka majini. Tukibisha, yaani tukienda kuukabili upepo, mimi natoka nje, mvua inyeshe isinyeshe. Halafu vioo! Pumzi za watu wawili tu vimeshaingia ukungu, na usiku taa moja ya mezani inatosha kukuficha boya la mitego ya kaa lililo mbele ya omo, pua ya boti. Ukilikanyaga, kamba yake inajizungusha kwenye rafadha, panga la injini.

Ningekuwa nanunua ya kwangu? Kibanda ningekitaka, ila badala ya usukani wa pili ningeweka rimoti ya mtambo wa kujiendesha. Nafasi inayobaki tuweke meza.