Mbolea husubiri mvua: nilivyopima ukame na rutuba iliyozidi kwenye nyasi

Nyasi zinazopokea mbolea inayosombwa kutoka mashambani, au samadi iliyorundikana kandokando ya boma, huonekana salama wakati wa ukame. Majani hayakui, rangi ni ileile ya kikavu, na kitalu chenye mbolea hukitofautishi na kisicho nayo. Tofauti hujitokeza mvua zikirudi, ndiyo maana niliamua kupima mambo haya mawili kwa pamoja, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wa Kajiado.

Vitalu vilikuwa 16, kila kimoja mita 4 kwa 4, katika makundi manne. Ndani ya kila kundi kimoja hakikuguswa, kimoja kilipata mbolea, kimoja paa la kupunguza mvua, na kimoja vyote viwili. Kabla ya kuweka chochote nilihesabu aina za mimea katika mita moja ya mraba, nikapigilia vigingi vya chuma ili nirudi palepale kila msimu. Ukiruka hatua hii hutajua kama mmea umepotea au haukuwepo tangu mwanzo.

Kipimo nilichotumia ni kile cha watafiti wa Nutrient Network, mtandao wa kimataifa unaojaribu mbolea kwenye nyasi: gramu 10 za naitrojeni, 10 za fosforasi na 10 za potasiamu kwa mita ya mraba kwa mwaka. Wengi hukosea hesabu hapa, kwa kuwa gramu 10 ni za naitrojeni, si za urea. Urea ina asilimia 46 tu, kwa hiyo kitalu cha mita 16 za mraba kinahitaji gramu 348. TSP, mbolea ya fosforasi, nayo imeandikwa 46 kwenye mfuko, lakini namba hiyo ni ya P₂O₅, yaani fosforasi pamoja na oksijeni; fosforasi yenyewe ni takriban asilimia 20, hivyo pima gramu 800. Potasiamu niliipata kwa gramu 320 za MOP, mbolea ya kloridi ya potasiamu. Usiweke DAP badala ya TSP bila kupunguza urea, maana DAP, mbolea nyingine ya fosforasi, huja na naitrojeni yake.

Urea niliigawa mara mbili, nusu vuli na nusu masika, baada ya ardhi kulowa na mvua nyingine ikiwa karibu. Ukiimwaga juu ya udongo wenye umande tu, sehemu kubwa hugeuka amonia na kupaa. Uzio lazima, tena imara: ng'ombe akiramba urea anaweza kufa siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba uzio unazuia malisho, nyasi ndefu zinawatilia kivuli mimea ya chini, na unaweza kuilaumu mbolea kwa kazi ya kivuli. Mwisho wa msimu nilikata nyasi zote na kuziondoa.

Paa ndilo lililonitoa jasho. Ni vipande vya plastiki angavu vilivyokunjwa kama mifereji, vinavyofunika nusu ya eneo na kuacha nusu wazi, ili mwanga na hewa viendelee kupita. Upande wa chini uwe mita 1.2, wa juu 1.7, ukishusha zaidi, joto linaongezeka na hutajua unapima ukame au jiko. Mvua ya milimita 10 huleta lita 80 kwenye mifereji hiyo, kwa hiyo pipa la lita 200 hujaa kwa milimita 25. Likifurika kando ya kitalu, ukame wako umekwisha. Nguzo ziwe mabomba ya chuma, maana mchwa hawana subira na mbao.

Pembeni nilichimba mtaro wa sentimita 50 na kutia polithini ngumu, ile mafundi wanayotandaza chini ya zege. Nyepesi haifai, kwani udongo mweusi ukipasuka kiangazi huichana, na maji hupenya kutoka nje. Hata hivyo upepo hupeleka mvua kimshazari, kwa hiyo nilipima mita 2 kwa 2 za katikati tu.

Nyasi nilizikata usawa wa ardhi katika vipande viwili vya sentimita 10 kwa mita 1, nikatenganisha nyasi, mikunde, majani mapana na makavu, kisha nikakausha nyuzi 60 kwa saa 48. Uzito ukiuzidisha kwa 5 unapata gramu kwa mita ya mraba. Kukausha juani hakutoshi. Unyevu unaobaki hubadilika siku hadi siku.

Mwaka 1958 mtafiti wa udongo H. F. Birch, akifanya kazi Muguga, Kenya, alieleza jinsi udongo uliokauka muda mrefu unavyotoa naitrojeni kwa mkupuo ukilowa. Kwenye kitalu chenye mbolea mkupuo huo unajumlika na naitrojeni ya mbolea ambayo mizizi haikuitumia kiangazi. Wanaowahi ni mimea ya haraka, kishona-nguo na wenzake. Themeda, nyasi ya malisho ambayo imezoea udongo maskini, hubaki nyuma, na mikunde hukosa mwanga.

Kwa mfugaji hatari iko kwenye majani mabichi ya siku hizo za kwanza za mvua, hasa karibu na maboma ya zamani: nitrati, umbo la naitrojeni ambalo mizizi hufyonza, hukusanyika sehemu ya chini ya shina, na tumboni mwa ng'ombe hugeuka nitriti inayozuia damu kubeba oksijeni. Ukikata kwa ajili ya kulisha, acha sentimita 20 au 30 za chini shambani, na usiingize mifugo yenye njaa hapo asubuhi. Wape nyasi kavu kwanza.