Nilivyomuelewesha mpwa wangu sheria za Newton kwa boti

Kama una mtoto fomu thrii na fizikia inamliza akifika kwa sheria za mwendo, hebu soma hapa, manake mimi nimepitia na binti ya dadangu na saa hii yuwafanya hesabu zile mwenyewe bila kusukumwa. Kazi yangu ni boti, nabeba abiria Mokowe na Lamu, shule nliishia fomu foo lakini fizikia nliipenda na bado naipenda sana. Huyu mtoto sheria zote tatu alikuwa amezikariri neno kwa neno, mpe swali sasa, kimya.

Nikakaa naye nikaona kinachomkwamisha ni kitu kimoja tu na nadhani ndicho kinawakwamisha wengi. Yeye akilini mwake kitu kikiwa kinaenda basi lazima kinachosukuma kimekishinda kinachozuia, na kani, yani nguvu za kusukuma au kuvuta, zikilingana basi kitu kimesimama tuli. Jamani msimkaripie mtoto kwa hilo, tangu enzi za Aristotle watu waliamini kitu hakiendi bila kusukumwa, mpaka akina Galileo wakaja na wazo jingine, na Newton akaliandika likawa sheria ya kwanza kwenye kitabu chake cha mwaka 1687. Si jambo la kuingia kichwani kwa kukariri.

Basi wikendi moja maji yametulia nikamchukua, nikampa simu yenye GPS ashike asome spidi kwa sauti. Nikaongeza moto nikauacha hapo hapo. Akawa asoma, sita, kumi, kumi na nne, kumi na saba, kumi na nane, kumi na nane, kumi na nane. Nikamwambia huyo mtoto, mama, mbona namba haipandi tena, injini imechoka? Akasema haijachoka mjomba si naisikia. Sasa mbona haipandi? Akafikiri weee, halafu akasema maji yatuzuia. Nikamwambia maji yalikuwa yatuzuia tangu mwanzo, ila tukienda polepole yazuia kidogo, spidi ikizidi nayo yazidi, mpaka inafika mahali kani ya maji imelingana na ya injini, na hapo hakuna kilichobaki cha kuongeza spidi. Kwa hivyo kani zimelingana na bado twaenda kilomita 18 kwa saa, yani mita 5 kila sekunde. Hapo ndipo nlipoona uso wake umebadilika, akataka turudie.

Tukarudia, halafu nikazima injini katikati ya safari. Boti haikusimama pale pale. Mwanzoni spidi ilishuka haraka, halafu ikawa inashuka taratibu sana, na hiyo akaieleza mwenyewe, kwamba spidi ikipungua na kani ya maji pia inapungua.

Nyumbani nikamkatazia kuandika fomula yoyote kabla hajachora mishale. Chora boti peke yake, kila kinachoisukuma au kuivuta kiwe na mshale wake, uzito kwenda chini, maji yaisukuma juu, injini mbele, maji nyuma. Ndiyo aandike namba, na hapo ndipo sheria ya pili inapoingia, kani iliyobaki gawanya kwa masi, yani zile kilo. Tuseme boti na watu wake ni kilo 1,500, injini yasukuma nyutoni 900 (nyutoni ndicho kipimo cha kani) na maji yazuia 300, inabaki 600, gawanya kwa 1,500 wapata 0.4, yani kila sekunde spidi yaongezeka mita 0.4 kwa sekunde, na hiyo ni kwa wakati ule tu, sababu kani ya maji itapanda na jawabu litabadilika. Ongeza abiria mpaka masi iwe kubwa zaidi, injini ileile, boti yaondoka kivivu, na tena imezama zaidi kwa hivyo maji yazuia zaidi. Hilo kila mtu wa boti alijua, yeye akaliona kwenye karatasi.

Sheria ya tatu, ile ya kwamba ukisukuma kitu nacho chakusukuma kwa kani ileile kinyume, ndiyo aliyonibishia zaidi. Yuwauliza, mjomba kama kani mbili zinalingana na zaelekea kinyume, si zinafutana, mbona kitu kinaenda? Swali zuri sana hilo! Nikampeleka pale boti zinapofungwa, nikafungua yetu tupu na nyingine ya jirani yangu iliyopakiwa saruji, akaisukuma ile ya saruji kwa mikono akiwa amesimama ndani ya yetu. Zote mbili zikaondoka, yetu haraka, ile ya saruji kidogo tu. Kani ni ileile lakini mshale mmoja uko kwenye boti ya saruji na mwingine uko kwetu, haziko kwenye kitu kimoja kwa hivyo haziwezi kufutana. Ukitaka kujua boti yetu itaenda vipi, hesabu mishale iliyo juu ya boti yetu pekee. Tangu siku hiyo hajabisha.

Saa hii tumeingia momenti, yani kani inavyozungusha kitu, ambayo ni kani mara umbali wake kutoka pale kinapozungukia, na kwa somo hilo Lamu hatuhitaji maabara, si kuna ule ubao wa mashua za mashindano ambao mabaharia wanakalia nje upande wa upepo. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 600 hivi, akikaa mita 1 nje ni nyutoni-mita 600, akisogea mpaka mita 2 ni 1,200 na hajaongeza hata kilo moja. Nimemwachia akokotoe watu wawili wa kilo tofauti wakae wapi ili walingane na mtu mmoja wa kilo 90, leo jioni aniletea karatasi na mishale yake.