Sura ya Kumi na Moja

Juzi mke wangu alirudi kutoka soko la Mwanga na kikapu chepesi, akasema dagaa wabichi hakuna na wakavu waliopo wamepandishwa bei, kwa kuwa mwezi ni mpevu na mitumbwi imelala. Kwa mtu wa Kigoma hiyo si habari, ni kalenda. Hata hivyo nilikwenda moja kwa moja kabatini, nikatoa kitabu changu cha kwanza, ambacho sikuwa nimekigusa kwa miaka mingi, nikautafuta ukurasa wenye doa.

Mwaka 1993 nilikuwa nimejaza kauntabuku mbili kwa riwaya ya upelelezi. Niliamini kwamba riwaya ya namna hiyo ni lazima itokee Dar es Salaam, mji ambao sikuwa nimeukanyaga, hivyo shujaa wangu alipanda na kushuka lifti, akaagiza bia hotelini, akafukuzana na magari katika barabara nilizozijua kwa kuzisoma magazetini. Sura moja tu, ya kumi na moja, ndiyo iliyokuja nyumbani: tajiri wa dagaa anauawa usiku katikati ya ziwa, wavuvi wengine wakiwa kazini, na kijana mmoja anauona uso wa muuaji kwa mwanga wa mbalamwezi. Niliandika kwamba mwezi ulining'inia juu ya Tanganyika kama sinia ya fedha, na sinia hiyo ndiyo niliyoitegemea kunitoa kimaisha.

Msikilizaji wangu alikuwa mjomba, mvuvi wa Katonga, ambaye hakujua kusoma lakini wiki ile alikuwa na nafasi tele. Sikujiuliza aliipata wapi. Tulikaa mchangani mbele ya kibanda chake, yeye akishona wavu, uzi ameubana kwa kidole gumba cha mguu, mimi nikisoma kwa kibatari ingawa mwanga wa nje ulikaribia kunitosha. Ulikuwa usiku wa tatu wa kusoma. Nilipofika kwenye sinia ya fedha, sindano yake ilisimama.

"Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo, "hawa watu wako wamekwenda ziwani kuvua nini?"

"Dagaa."

"Usiku huo huo wa sinia?"

"Huo huo."

Hakucheka. Alichongoa midomo kuelekea majini, kama mtu aelekezavyo kitu mikono ikiwa na kazi, nami nikageuka. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa mchangani, imepangwa ubavu kwa ubavu, karabai zimeondolewa, na juu ya mmoja wao kuku alikuwa amelala. Ziwa lilikuwa jeupe na tupu kuelekea Kongo, bila taa hata moja. Kwa siku tatu nilikuwa nimeketi mbele ya mitumbwi hiyo nikisoma habari za wavuvi waliokuwa ziwani, na sikuwa nimeiona.

"Dagaa anaifuata taa kwa sababu giza halimpi kingine cha kufuata," alisema. "Mungu akiwasha karabai yake, hizi zetu zitamwita nani?"

Nilijitetea kwamba bila mwezi kijana hawezi kuuona uso, na asipouona uso riwaya nzima inaanguka. Mjomba alishona macho mawili matatu ya wavu kabla ya kunijibu. Alinieleza polepole kwamba usiku wa giza, anayekaa karibu na karabai ndiye asiyeona kitu: anaona viganja vyake, anaona maji ya kijani chini ya taa, na baada ya hapo ni ukuta. Aliye mbali, ambaye taa yake imezimika, ndiye anayemwona mwenzake hata akipangusa pua.

"Kwa hiyo muuaji wako ndiye mwenye taa," alisema. "Yeye anadhani yuko peke yake. Mwezi wa nini?"

Niliiandika upya sura hiyo mara nne. Sinia iliondoka, ukaingia mvumo wa karabai inayohitaji kupigwa pampu, na kijana aliyezima taa yake akabaki gizani akiogopa hata kukohoa. Sijui kama nilikuwa nimejifunza kuandika, ila nilitambua kwamba katika kurasa hizo sikuwa nimeazima kitu kwa mtu, isipokuwa kwa mjomba.

Yaliyofuata yalikuwa biashara. Niliuza baiskeli nikalipia taipureta katika ofisi moja ya Barabara ya Lumumba, iliyotoza kwa ukurasa. Mswada ulisafiri kwa treni zaidi ya kilomita 1,200 ndani ya begi la jamaa yetu, na jibu la mchapishaji likaja baada ya miezi minane. Alinifahamisha kwamba karatasi kubwa ya mashine hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwamba kitabu changu kingefika kurasa 140, na kwamba yeye alitaka 128 ili asilipie karatasi nyingine nzima. Kurasa 12 ziondoke. Sura ya kumi na moja ilikuwa na kurasa 12, nayo, aliandika, inachelewesha kisa. Hakukosea sana, maana haikuwa na gari hata moja. Mauaji yakaishia kuelezwa na askari kwa sentensi mbili za simu. Nilikubali, na siku hiyo hiyo nikasaini karatasi ya kuuza haki zote kwa malipo ya mara moja, ambayo hayakutosha kuirudisha baiskeli. Neno mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa, nililifahamu miaka baadaye, kitabu kilipochapwa tena nami nikakinunua kama mteja mwingine yeyote. Hakuna aliyenidanganya, ni mimi ambaye sikuuliza.

Nakala ya kwanza niliipeleka Katonga. Mitumbwi ilikuwa mchangani tena. Mjomba alifuta mikono kwenye kaptula, akakipokea kitabu, akakipima uzito, akanirudishia.

"Nisomee pale ziwani."

Ningeweza kumweleza habari za karatasi inayokunjwa ikatoa kurasa 16. Badala yake nilifungua katikati, nikamsomea kwa kichwa sura ambayo haikuwamo, nikigeuza ukurasa kila nilipohisi umefika wakati wa kugeuza. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza alinyoosha mkono, akakichukua kitabu kikiwa wazi vile vile, akaweka kidole gumba chenye mafuta ya dagaa juu ya maandishi.

"Ni hapa?"

Ni ukurasa wa 77, ambapo shujaa wangu anaagiza bia hotelini.

"Ndiyo, mjomba," nilimwambia. "Ni hapo."