Nilivyoikamata melanoma ya umio kwa Giemsa ya malaria

Huku kwetu mtu akishindwa kumeza hata uji, kila mmoja ana jibu kabla kinyama hakijafika maabara: saratani ya umio, aina ya skwamasi (inayotoka kwenye seli bapa za utando). Ukanda huu wa Bonde la Ufa unayo tele. Kwa hiyo kipande cheusi tii kilipotua mezani kwangu, wakubwa walicheka. "Dogo, hiyo damu imeganda. Andika skwamasi twende." Mmoja akadai mkaa, mwingine vidonge vya kuongeza damu.

Sikuandika. Nilishuku melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi. Rangi ya Perls, inayogeuza chuma kuwa bluu, haikutoa bluu popote, maana yake hakuna chuma cha vidonge wala cha damu ya zamani. Vidonge na damu iliyokaa muda vikaondoka pamoja. Saitokeratini, protini ambayo skwamasi huwa nayo, ikatoka hasi.

Kazi ikaja kwenye HMB-45, kingamwili inayonasa seli za melanoma. Jibu lake hutoka kahawia, na melanini nayo ni kahawia! Nikakodoa macho kwenye hadubini mpaka yakauma. Vitabu vinasema ipaushe melanini kwa permanganeti ya potasiamu, kisha asidi ya oksaliki. Kipande cha kwanza kikabanduka kwenye kioo, kikaelea kama utando wa maziwa. Cha pili kikapauka kweupe (mkaa haupauki, bwana mkubwa!), ila baada ya hapo kingamwili ikashika kwa kusitasita. Kila jaribio linakula laki na kitu, na bosi ameshaanza kuninunia.

Ndipo nikakumbuka Giemsa, hii hii ya kusakia malaria. Nikavizia chupa chumba cha pili, nikaitumia kumalizia badala ya hematoksilini, ile rangi ya bluu ya kawaida. Weee! Melanini ikawa kijani-bluu, HMB-45 ikabaki kahawia safi, seli kwa seli. Niliwaita wote waje waone, hadi mfagizi.

Bado swali: imezaliwa humo au imehamia? Nikawasumbua wa wodini: nyayo, kucha, macho, njia ya haja kubwa. Kusafi. Na pembeni mwa uvimbe, kwenye utando wa umio wenyewe, melanosaiti (seli zinazotengeneza melanini) zimejipanga safu ya chini. Ya hapo hapo. Hizi hazifiki hata 1 katika 100 ya saratani za umio. Tena nyingine hazina weusi wowote, kwa hiyo saitokeratini ikikataa, omba S100 au SOX10, vipimo vingine vya melanoma, kabla hujabuni jina.

Bwana mkaa alisaini ripoti kimya. Siku hizi ananiletea vioo vyake, na Giemsa hajanunua hata tone.