Kwa nini niliibakiza Nikon D90 kwa muda mrefu hivyo

Nimepiga harusi na picha za watu kwa miaka kadhaa nikitumia Nikon D90, kamera iliyotoka mwaka 2008. Kila toleo jipya lilipotangazwa, wenzangu waliniuliza naiacha lini. Badala ya kubishana nao nikaanzisha daftari: picha yoyote niliyoikosa naiandika, na kando yake sababu. Mwanga, fokasi, lenzi, au nilisimama pabaya.

Megapikseli, yaani mamilioni ya vitone (pikseli) vinavyounda picha, hazikuwahi kuandikwa humo. Ukipiga hesabu utaona kwa nini. Picha ya D90 ina pikseli 4288 kwa 2848. Ichapishe kwa pikseli 300 kila inchi, unapata upana wa sentimita 36, yaani inaizidi karatasi ya A4. Televisheni ya 4K yenyewe ina pikseli milioni 8 na kidogo, na wateja wangu wengi hata hawafiki huko, wanatazamia kwenye simu. Anayezihitaji pikseli nyingi ni yule anayepiga ndege kwa mbali kisha anakata kipande kidogo cha picha. Mimi ndege siwawezi, hawana subira.

Kilichojaa daftarini ni giza. Lenzi iliyokuja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, haifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa). Nikanunua ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi. Ukumbi ulionilazimisha kupandisha ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, na picha zikajaa chembechembe, sasa niliupiga kwa ISO 400. Lenzi hiyo ni ya bei nafuu mno ukiilinganisha na bodi mpya, yaani kamera bila lenzi. Baadaye nikaongeza flashi ninayoielekeza darini. Na kwa kuwa nilikuwa nahifadhi RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, hata picha za zamani nilizipitisha kwenye programu mpya za kusafisha chembechembe zikatoka vizuri kuliko nilivyozikabidhi mwanzo.

Halafu sababu zikabadilika. Fokasi, fokasi, tena fokasi. Kwa f/1.8 eneo linaloonekana kwa ukali ni jembamba sana: sikio limetulia, jicho limefifia. D90 ina nukta 11 za fokasi, na ya katikati peke yake ndiyo inayosoma mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Maharusi wakicheza kwenye mwanga hafifu, hiyo haitoshi, na hakuna lenzi ya kuliponya hilo.

Hapo nikanunua kamera, Nikon Z6 iliyotumika, ya mwaka 2018. Ikishalipata jicho hulifuata yenyewe, na ile lenzi ya milimita 50 nikaifunga kwa adapta. Shata yake ya kimya, yaani kupiga bila mlio, imenifaa sana wakati wa ibada, ingawa chini ya baadhi ya taa za LED huacha michirizi kwenye picha, kwa hiyo napiga moja ya majaribio kwanza.

Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji anipigie picha moja papo hapo, nikasoma kwenye faili shata, pazia linalofunguka na kufunga picha inapopigwa, imeshafyatuka mara ngapi. Ya Z6 ilijaribiwa kiwandani hadi mara 200,000. Hii ilikuwa mbali sana na hapo, tukaelewana bei.