Saa Sita au Saa Tisa

Jana mchana gari la matangazo limepita mtaani kwetu mvua ikinyesha, na sikuambulia kitu. Sauti ilikuja kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi. Jirani akasema spika zimekufa. Nikamwambia hazijafa, wavu ulio mbele yake ndio umelowa. Akanitazama. Ningemweleza, ila ingebidi nianzie Kigoma, 2010, kwenye kirikuu, kipikapu kidogo, ya Baba Mdogo.

Mwaka ule wa uchaguzi mkuu alikuwa amehamia kwenye matangazo: honi mbili, zile spika za mdomo mpana, juu ya keria, moja inatazama mbele na nyingine nyuma, amplifaya chini ya kiti, yeye kwenye usukani, mimi na maiki. Honi zilikuwa mpya na boksi lake limeandikwa IP65. Fundi redio akatufafanulia kwamba ile 6 maana yake vumbi haliingii kabisa, na 5 kwamba hata ukizipiga maji ya mpira hazidhuriki. Baba Mdogo aliipenda namba hiyo mno. Akawa anaitaja kwa wateja kama cheo chake mwenyewe.

Ila IP65 haisemi chochote kuhusu mawe. Watoto wa Gungu walikuwa na shabaha, na honi ya nyuma ikapata ufa mdomoni kabla hata hatujamaliza kuilipia. Halafu manyigu. Gari likilala tu siku chache, unakuta wameshaanza kujenga ndani ya koo la honi, na wewe ndiye wa kwanza kuwagundua ukiwasha amplifaya.

Basi fundi wa kuchomelea pale Mwanga akaagizwa atengeneze kinga. Alikuwa mtu wa madirisha na mageti, na alichotoa kilikuwa cha ukoo huo: pleti nene ya chuma iliyotobolewa kwa drili, matobo membamba ya mistari iliyonyooka, rangi nyeusi juu yake. Jiwe lisingefua dafu. Alitaka pia kuifunga kwa kutoboa honi zenyewe apitishe skrubu, na hapo Baba Mdogo akapiga kelele, maana ukishatoboa gamba la IP65 umebaki na namba tu kwenye boksi. Wakakubaliana ishikwe kwa mkanda wa chuma kwa nje.

Kiangazi kilipita salama. Sauti ilipungua kidogo. Tukaongeza sauti kwenye amplifaya, kwisha.

Mvua za Oktoba zikaanza, na chama kimoja (sikitaji, wenyewe wapo) kikatupa kazi ya kutangaza mkutano Ujiji, saa tisa. Tulizunguka asubuhi nzima kwenye manyunyu. Watu wakajaa uwanjani saa sita. Jua lilikuwa limeshatoka, wakasubiri, wakakasirika, wakaondoka. Mgombea alipofika alikuta wauza karanga. Nusu ya malipo iliyobaki hatukuiona hadi leo.

Baba Mdogo aliapa kuwa nilitamka vibaya. Tukabishana barabarani, tukiwa tumesimama chini ya mwembe, na katika kubishana akaipiga ile pleti kwa kiganja. Maji yakaruka. Nilikuwa nimeshika maiki bado iko hewani, na sauti yangu ikabadilika hapohapo, ikawa na ncha. Nikapanda juu ya tairi nikaichungulia honi ya pili, ambayo haijapigwa. Kila tobo lilikuwa limejaa tone la maji, limetulia humo, halidondoki.

Kumbe ndivyo inavyokuwa. Irabu zina nguvu chini, kwenye sauti nzito, nazo zinapenya popote. Lakini s na t zinaishi juu, kwenye mitetemo ya maelfu kwa sekunde, na honi haina utajiri mkubwa huko juu hata ikiwa kavu. Weka mbele yake pleti nene ambayo sehemu kubwa ni chuma kitupu, kisha matobo yenyewe uyazibe kwa maji, na kinachotoka ni i na a tu. Sita na tisa hapo zinatofautishwa na Mungu.

Tulirudi kwa fundi. Safari hii ulitakiwa waya mwembamba wa mviringo, matundu mapana kiasi cha kidole, maji yasipate pa kukaa: tukapata kipande kilichobaki kwa jamaa wa Kalinzi aliyekuwa akitengeneza meza za kukaushia kahawa. Fremu ikapindwa ili wavu usimame mbali kidogo na mdomo wa honi, upande wa chini ukaachwa wazi maji yatoke, na vipande vya tyubu ya baiskeli vikakaa katikati ya chuma na honi, maana bila mpira wavu hulia zzz ukisema neno lenye nguvu. Pale palipochomelewa, zinki inayokinga chuma ilikuwa imeungua, pakapakwa rangi ya fedha kabla kutu haijafika. Honi zikainamishwa kidogo. Manyigu tukawashonea mfuko wa turubai wa kufunika gari likilala.

Kupima, tukaenda Kibirizi. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiuza migebuka ya kukausha karibu na mitumbwi, na Baba Mdogo alimwamini kwa sababu alikuwa hana simile na mtu.

"Shikamoo mama. Tunaomba masikio yako."

"Marahaba. Yana bei."

Akachagua fungu la samaki tutakalonunua, akakubali. Baba Mdogo akalirudisha gari hadi karibu na kona, mimi nikawa juu ya keria na ndoo, namwagia wavu maji ya ziwa. Yeye akashika maiki.

"Mkutano ni saa sitaaa!"

Mama hakuinua hata kichwa. Alikuwa anapanga samaki, vichwa upande mmoja. "Sita," akasema. Kijana aliyesimama naye akanyoosha mkono kutuashiria.

"Mkutano ni saa tisaaa!"

"Tisa."

Nikamwaga ndoo nyingine. Maji yalishuka kwenye waya bila kung'ang'ania, nikayaona yanachirizika chini pale palipoachwa wazi. Sita. Tisa. Sita. Tisa. Wavuvi wakaacha nyavu zao kutusikiliza. Mmoja akauliza mkutano wenyewe wa nini. Mama hakukosea hata mara moja, na Baba Mdogo akashuka garini na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Tulipokwenda kulipa samaki, mama akahesabu pesa, akaziweka kwenye fundo la khanga, akamwambia: "Baba, mbona unaimba? Sita, tisa, sita, tisa. Mimi hapo katikati nilishaacha kusikiliza."

Kijana wake akacheka hadi akakaa chini. Baba Mdogo akadai mwanzoni mama alikuwa anasikiliza, kwa hiyo inahesabika. Nilitaka turudie kwa kuchanganya, lakini samaki walikuwa wameshanunuliwa na mama aliweka wazi kwamba raundi ya pili ni fungu la pili.

Kampeni zilizobaki watu walikuja kwa wakati. Mimi nasema ni wavu. Baba Mdogo anasema ni maneno, kwa kuwa kuanzia siku ile alikataza kutaja saa peke yake: ilikuwa lazima niseme saa tisa alasiri, mkitoka swala ya adhuhuri mle kwanza, mpumzike, ndipo mje. Fundi, ambaye Kibirizi hakufika, anasema ni ile rangi ya fedha, na wavu wenyewe aliendelea kuwauzia wenye magari ya matangazo hadi Kasulu, akiuita ubunifu wake.